Hisa Yangu katika Kampuni ya Simu

Niliwahi kuwa mwekezaji. Nikisema hivyo watu huniangalia viatu kwanza, kwa hiyo naomba nieleze.

Kampuni yetu ilikuwa na simu moja ya mezani, benchi moja, na kibanda cha mbao cha rangi ya samawati pale kona ya soko, Makorora. Waliianzisha watu wanne, miaka ile ya kupunguzwa kazini. Mashirika yalikuwa yanauzwa, yasiyouzika yanafungwa, na aliyepunguzwa alipewa kiinua mgongo na barua ya kumshukuru. Karani mmoja wa reli, alipopewa barua yake, akapiga hesabu kwamba treni zitapungua lakini maneno ya watu hayatapungua. Akamshawishi fundi wa simu mstaafu, mzee aliyezijua nguzo zote za mji kama mtu anavyowajua wajomba zake. Wakamwongeza mama mmoja Mlutheri, mjane aliyetoka mashamba ya mkonge, muuza maandazi, aliyesifika kwa kutomkopesha hata mchungaji. Wa nne alikuwa bibi mmoja wa Kipemba. Yeye alitoa bangili yake ya dhahabu na hakutaka risiti.

Karani wa reli akawa mwenyekiti. Uchaguzi haukuwapo. Yeye ndiye aliyekuwa na mkoba.

Mimi niliajiriwa niwe miguu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, darasa la saba, na baiskeli ya marehemu baba. Kazi ilikuwa hivi. Mtu anapiga kutoka Maskati, au Mombasa, au Pemba, anasema haraka haraka: "Niitie mama, nyumba ya pili nyuma ya msikiti, mlango wa kijani." Kisha anakata, maana dakika ni ghali, na atapiga tena baada ya nusu saa. Ndani ya nusu saa hiyo mimi napanda baiskeli, naufikia mlango wa kijani, namleta mama. Kama anafua, anakuja na povu mpaka kwenye viwiko. Nikikuta msiba, natoa pole kwanza, halafu nasema una simu.

Nililia na watu wengi ambao majina yao sikuyajua. Mtu akipewa habari ya kifo kibandani, mimi ndiye niliyekuwa karibu, sasa ningefanya nini? Mwenyekiti alinikataza.

"Binti, machozi yanaingia kwenye mkonga wa simu."

"Kweli," fundi akasema. "Unashika kutu."

Hisa niliipata mwezi wa Ramadhani. Mshahara ulikosekana, wakakaa kikao, wakanipa hisa badala yake. "Sasa wewe ni mmoja wetu," mwenyekiti aliniambia kwa heshima zote. "Hata hasara ni yako pia." Nilifurahi mno, jioni nikawafuturisha wote kwa kashata za kukopa. Tangu siku ile nilipopita mtaani na baiskeli niliona vibanda vya samawati kila mahali: kimoja Usagara, kimoja Kigombe kwa wavuvi, kingine Pangani kivukoni. Nyuma ya daftari la wito nilichora ramani. Pangani niliiweka karibu kuliko ilivyo, ili nisiwe mbali na nyumbani.

Sasa nimseme Bibi wa Kipemba, kwa kuwa yote yaliyofuata yalimhusu yeye.

Alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume, baharia. Miaka sita alikuwa hajamwona. Kijana alikuwa akihama meli moja kwenda nyingine, anwani hana. Na Bibi, kwa shida za kodi, alikuwa amehama nyumba mara mbili tangu kijana aondoke, wala barua hasomi. Kilichobaki baina yao ni nambari ya kibanda chetu. Kijana aliikariri kama sura ya Kurani, na kila baada ya miezi miwili au mitatu, akifika bandari yoyote ile, alipiga. "Niitie mama." Anakata.

Mimi namfuata Bibi. Alikaa kwenye keria ya baiskeli kiupande, buibui kalikusanya magotini, mkono mmoja kanishika kiuno, mwingine kashika viatu visianguke. Tukifika anapumua, anaketi, simu inalia. Maswali yake kwa mwanawe yalikuwa matatu siku zote. Unakula? Unaswali? Unarudi lini? Likifika la tatu, laini hukatika.

Kisha zikaja simu za mkononi.

Mwanzo zilikuwa za watu wakubwa, tukazicheka, maana mwenye nayo alisimama katikati ya barabara akipiga kelele "Haloo! Haloo!" kama aliyepotelewa na mbuzi. Mwaka haukupita, mpaka muuza mihogo ana yake. Benchi letu likaanza kupata nafasi. Halafu likabaki na mimi na paka.

Hapo ndipo alipojitokeza mnunuzi. Alikuwa kijana wa makamo, mfanyabiashara wa Usagara, muuza simu za mkononi na mafriji yaliyotumika. Alikuja na adabu zake, akawaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, akasema ana nia ya kuinunua kampuni. Wazee wakamwambia watajadiliana. Wakajadiliana Ijumaa tatu mfululizo, baada ya sala, mlemle kibandani, na mimi nikiwa mwanahisa nilikalia ndoo.

Mwenyekiti alikuja na gazeti. Siku hizo hata ile kampuni kubwa ya simu ya nchi nzima ilikuwa inatafutiwa wenyewe, na magazeti yaliandika jinsi wawekezaji wa nje wanavyobishana: huyu anasema ina thamani kubwa, yule anasema ni waya mbovu na wafanyakazi wengi.

"Mnaona?" mwenyekiti akasema. "Wazungu wenyewe hawaelewani. Thamani ya kampuni ya simu ni jambo zito. Thamani, jamani, ni matarajio."

"Matarajio yanakaangwa?" mama wa maandazi akauliza. "Tuuze. Unga umepanda."

"Tutauza, mama, lakini kwa bei ya matarajio."

Fundi akatikisa kichwa. "Mie siafiki. Ile laini nimeivuta kwa mikono yangu. Watu husubiri laini miaka."

"Walikuwa wanasubiri," mama akamjibu. "Sasa wanatembea nayo mfukoni."

"Ile ya mfukoni haina nguzo. Kitu kisicho na nguzo utakiaminije?"

"Miye siuzi," Bibi akasema.

"Bibi, hata bei hujaisikia."

"Bei ya nini? Mwanangu nambari anayo hiyo moja. Mkiiuza atapiga wapi? Atauliza samaki?"

Basi wawili wakataka kuuza, wawili wakakataa, ikabaki kura yangu. Wote wakanigeukia. Mimi shida yangu nilikubaliana na kila aliyesema mwisho. Nilimwonea huruma Bibi, nikauonea huruma unga wa mama, nikamwonea huruma hata mwenyekiti na mkoba wake. Nikaomba wiki moja ya kufikiri. Wakanipa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu watu wazima kuningoja.

Mnunuzi akatuma neno: Jumanne atakuja akae asubuhi nzima aione biashara kwa macho yake, na Ijumaa atataja bei.

Mwenyekiti akatuita pembeni, wote isipokuwa Bibi.

"Jumanne simu ilie," alisema.

"Nani apige?" nikauliza.

"Watu wetu. Mpwa wangu na mashemeji wawili, watasimama pale posta kwenye simu ya kadi. Kadi nanunua mimi."

"Ni uongo huo," nikasema kwa sauti ndogo.

"Si uongo, binti. Tunaikumbusha simu siku zake nzuri."

Nilimtazama fundi, nikijua yeye hataki kuuza. Fundi akajikuna shingo. "Mie siuzi," alisema, "lakini mgeni akija, simu haiwezi kukaa imenuna. Ni aibu kwa laini." Wakanitaka nisimwambie Bibi, atasumbuka bure. Nikaahidi.

Jumanne mama wa maandazi alilijaza benchi. Alileta wanakwaya watatu, na dada yake mwenyekiti, mwanamke wa maneno, aliyevaa dera jipya kwa ajili ya simu. Mnunuzi akafika saa tatu, akapewa kiti na kahawa. Mara simu ikalia.

"Hapa kampuni ya simu," nikasema.

Mpwa wa mwenyekiti akaninong'oneza kutoka posta: "Samahani dada. Mimi ni nani?"

"Uko Maskati," nikamwambia.

"Ahaa. Niitie shangazi."

Nikageuka, nikaita kwa nguvu, "Simu ya Maskati!" Dada yake mwenyekiti akainuka kwenye benchi, mita mbili tu, akaja akihema kama aliyetoka mbali. Alikuwa mwigizaji mzuri kuliko sisi wote.

Simu ya kwanza waliulizana joto. Kwao joto, na hapa joto. Ya pili vilevile. Ya tatu alipiga shemeji mmojawapo, na dada yake mwenyekiti, kwa kuwa hapakuwa na jambo lingine la kusema, akakumbuka kinu.

"Na kinu changu utanirudishia lini?"

Sauti ya Maskati ikasema kinu hakipo kwake.

"Hakipo? Mkeo jana katwanga nini? Nimeuona mchi kwa macho yangu kutoka uani kwangu!"

Wanakwaya nao wakaingia, maana kinu kile walikuwa na habari zake. Tulitumia sehemu kubwa ya kadi ya mwenyekiti kwa kinu. Mwenyekiti alisimama mlangoni akitabasamu kama mtu anayepigwa picha. Mnunuzi alikunywa kahawa, hakuandika chochote. Mwisho akasema, "Samahani mama, naweza kusikiliza ubora wa laini?" Akapewa mkonga. Akausikiliza kidogo. Pale pale treni ya mizigo ikapiga honi kutoka relini. Akarudisha mkonga kwa mikono miwili.

"Laini iko safi sana," alisema.

Simu ililia hivyo mpaka adhuhuri, ikiwekwa chini inalia tena. Alipoondoka mwenyekiti alijifuta jasho, akatangaza kwamba thamani imepanda. Na mimi, sitaficha, nilifurahi. Kibanda kilikuwa kimejaa watu tena. Nilifungua daftari nyuma nikaongeza kituo cha Muheza.

Alhamisi akaja kondakta wa basi la Mombasa, kabeba furushi limefungwa kwa kamba ya katani.

"Hapa ndipo kwa kampuni ya simu? Mzigo wa Bibi wa Kipemba. Katoa mwanawe."

"Yuko Mombasa?" Nilikwishashika baiskeli.

"Alikuwapo. Jumanne. Meli imeondoka jana alfajiri. Alitaka mama apande basi la mchana wakaonane, amepiga hapa asubuhi nzima mpaka kidole kimechoka. Inatumika tu. Mchana akaitwa kazini melini." Akanipa furushi, akatazama kibanda juu mpaka chini. "Mna wateja sana nyie. Hongereni."

Nikasema ahsante. Sijui kwa nini nilisema ahsante.

Njia ya kwa Bibi ni ya dakika tano kwa baiskeli. Siku ile niliikokota, nikatumia nusu saa. Bibi alikuwa ukumbini akichambua mchele. Nikamwamkia, nikampa furushi. Ndani mlikuwa na doti ya kanga na chupa ya mafuta mazuri. Akaiweka kanga puani, akaivuta harufu.

"Kaja nani?"

"Kondakta. Mwanao alikuwa Mombasa, Bibi. Jumanne. Ameondoka."

"Mbona hakupiga?"

"Alipiga."

"Jumanne weye hukuwapo?"

"Nilikuwapo."

Akaningoja. Nikasema simu ilikuwa inatumika. Akauliza inatumika na nani. Hapo nikamwambia yote tangu mwanzo: kadi ya posta, benchi la kwaya, Maskati, na habari za kinu sikuziacha. Nikasema kwamba mwanawe alitaka yeye apande basi akamwone, na kwamba aliyekuwa anapokea zile simu ni mimi, kwa mkono huu. Nililia mpaka kwikwi. Bibi hakulia. Aliendelea kuchambua mchele, akatoa chuya moja, akaitazama.

"Na kinu kimerudi?" aliuliza.

"Bado."

"Haya. Kesho nipeleke mkutanoni."

Ijumaa mnunuzi alikuwapo. Mwenyekiti alitoa hotuba ndefu kidogo, akagusia wawekezaji wa nje, akagusia matarajio, akasema mgeni ameona mwenyewe shughuli zilivyo nyingi. Nikanyoosha mkono kutoka juu ya ndoo yangu. Mwenyekiti akajifanya hanioni. Bibi akasema, "Mwanahisa kanyoosha mkono."

"Zile simu za Jumanne," nikasema, "zilikuwa zetu. Tulijipigia. Na kwa sababu hiyo Bibi amekosa kumwona mwanawe."

Mwenyekiti akafungua mkoba, akaufunga.

"Mwee!" mama wa maandazi akasema. "Huruma itamuua mtoto huyu, na sisi atatuzika naye."

Lakini alipogeuka akamwona Bibi kajifunga kanga mpya, akashika mdomo, akaketi.

Mnunuzi akakohoa. "Mie nilijua, dada yangu. Treni ilipopiga honi niliisikia kwa masikio mawili. Hili lilisikia ya kutoka relini. Hili lilisikia ya kutoka Maskati."

Tukamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti, ambaye aliwahi kufanya kazi reli, akainamisha macho.

"Ile treni ilikuwa ipite saa mbili," alisema. "Ilichelewa."

Kisha mnunuzi akataja bei. Tulitazamana, maana ilikuwa nzuri. Mwenyekiti akauliza kwa sauti iliyoanza kupata nguvu: hapo laini umeithaminisha kiasi gani?

"Laini?" mnunuzi akasema. "Laini siitaki, mzee wangu. Nanunua kona. Kibanda, benchi, na hiki kivuli. Hapo penye simu nitaweka friji la soda. Simu muiondoe tu, msije mkanitoza."

Ijumaa tatu tulikuwa tumebishania laini. Fundi alivua kofia, akaivaa tena.

"Basi kibanda kiuzeni," Bibi akasema. "Fungu langu la pesa silitaki. Miye mnipe huo waya."

"Waya hauhami hivihivi, Bibi," mwenyekiti akasema. "Kuna taratibu."

"Unahama," fundi akadakia, na nilimwona amekuwa kijana ghafla. "Kutoka hapa mpaka kwake zimepungua nguzo tatu tu. Nambari inabaki ileile. Kuna fomu, na mwenye fomu nilimfundisha mimi kupanda nguzo."

Ikapigwa kura. Safari hii niliinua mkono kabla ya kuulizwa, nikasema na hisa yangu isilipwe, iende na waya, ikalipie simu miezi ya mwanzo. Mama wa maandazi akaniita mjinga. Kesho yake akatuma maandazi kumi kwa Bibi, na hakudai. Mwenyekiti aliandika muhtasari wa mwisho, akatusomea. Penye thamani ya laini aliandika: haikupatikana.

Hivyo kampuni ikabaki na wanahisa wawili. Simu iliwekwa ukumbini kwa Bibi, juu ya kigoda, ikafunikwa kitambaa cha kufuma. Wale wa Maskati na Pemba, ambao ndugu zao hawakuwa bado na za mkononi, waliendelea kupiga nambari ileile, hawakujua kama kibanda kinauza soda. Nami niliendelea kupanda baiskeli. Walioitiwa simu walingoja barazani kwa Bibi, akawapa maji, akawauliza kama wanakula na kama wanaswali.

Mwezi wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Kila simu ikilia, mkono wa Bibi ulisimama popote ulipokuwa, kwenye ungo au kwenye ndevu za nazi, mpaka niseme ni ya nani. Kuipokea mwenyewe alikataa. "Pokea weye. Ndiyo kazi yako."

Wa tatu ulikuwa unaelekea mwisho, siku moja alasiri simu ikalia. Nikafunua kitambaa.

"Hapa kampuni ya simu."

Pakawa na mvumo kama wa mtu anayeongea ndani ya mtungi. Kisha sauti ikasema, "Leo mbona haitumiki? Wateja wamekimbia?"

Nikamtazama Bibi. Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya mchele.

"Wapo wachache," nikasema.

"Basi niitie mama. Napiga baada ya nusu saa."

"Subiri, kaka, mama yuko…"

Akakata. Ndivyo alivyozoea.

Nikabaki nimeshika mkonga. Bibi alikuwa hatua moja kutoka nilipo. Nikamwambia ni yeye, na kwamba atapiga baada ya nusu saa. Bibi akasukuma ungo pembeni, akainuka, akaenda chumbani. Alirudi kavaa buibui na viatu vyake vya kutokea, akaketi kwenye kiti kinachotazama simu, mikono magotini, akapumua kama mtu aliyeshuka kwenye keria.

"Akipiga," alisema, "mwambie nimekwishafika."